Anti Nijibu: Niingie jeshini kama askari sasa hivi au nisubiri Monduli?

*Shikamoo Anti. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Uyole hapa Mbeya. Mwaka huu nimemaliza form six PCM nikapata division two, nikaenda JKT kwa mujibu wa sheria kule Mafinga, miezi mitatu nimemaliza salama na cheti ninacho. Sasa nimechaguliwa MUST kusoma uinjinia wa umeme ila moyo wangu uko jeshini Anti, tangu niko Mafinga nimejua hii ndo kazi yangu. Baba anasema tangazo la JWTZ likitoka niombe haraka niwe askari, ajira ni ajira, chuo utasomea huko huko. Baba mdogo anasema ukiingia na cheti cha form six utabaki askari mpaka uzeeke, subiri digrii ndo uende Monduli kwenye chuo cha maafisa ukavae nyota. Kila wakikutana nyumbani wanabishana na mimi nakaa kimya. Napenda mambo ya redio na mitambo, na shuleni nilikuwa kiranja mkuu. Nani yuko sahihi? – Binti wa Uyole*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa division two, na hongera kwa Mafinga, maana ile baridi ya mwezi wa saba saa kumi alfajiri mnakimbia mchakamchaka na ukungu bado umekaa chini, mtu akitoka hapo bado anasema anataka jeshi basi huyo anataka kweli.

Baba yako na baba yako mdogo wote wawili wanaongea kama vile jeshi lina mageti mawili, geti la askari na geti la maafisa, unachagua upite lipi. Kwetu haliko hivyo. JWTZ inapotangaza nafasi inachukua vijana kuanzia form four mpaka wa vyuo vikuu, na sharti mojawapo ni uwe umepita JKT, ya mujibu wa sheria au ya kujitolea, na cheti unacho. Mkishachukuliwa mnaenda kuwa makuruta, depo, yaani shule ya mafunzo ya mwanzo ya askari, inayojulikana zaidi ni RTS Kihangaiko kule Msata mkoa wa Pwani, na pale mwenye digrii na mwenye form four wananyolewa pamoja, wanapigishwa kwata pamoja, wanamwita koplo mmoja afande. Uafisa unakuja baada ya hapo, jeshi lenyewe ndo linachuja nani ana elimu, umri, afya na akili ya kwenda kuwa afisa mwanafunzi Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, Arusha. Anayemaliza Monduli anatunukiwa kamisheni, yaani madaraka ya uafisa, na Rais, anaanza na cheo cha Luteni Usu.

Kwa hiyo hapo baba mdogo amekosea kidogo, digrii peke yake haikupeleki Monduli, inakuweka tu kwenye kundi ambalo wakati wa kuchuja ukifika na wewe unaangaliwa. Wapo wenye digrii zao wanatumikia kama askari, na wapo walioingia askari wa kawaida wakapanda mpaka wakapelekwa kozi ya uafisa. Na baba naye ile "utasomea huko huko" aiseme kwa uangalifu. Kusoma ukiwa kazini kunahitaji ruhusa ya mkuu wako, kunategemea kikosi kiko wapi na kina majukumu gani, leo uko Mbalizi mwaka kesho umehamishiwa mpakani huko, chuo utakihamishaje.

Sasa tuache vyeti tuongee kazi yenyewe, maana naona kwenye ubishi wenu wote hakuna aliyeigusa.

Chukua msafara wa malori ya jeshi unashuka mlima Kitonga. Lori la tatu breki zimeshika moto, moshi unatoka, dereva amelisogeza pembeni. Anayeingia chini ya lile lori ni askari fundi, labda koplo, amelala kwenye lami ya moto na spana mkononi, anajua kwa kusikia tu tatizo liko wapi kwa sababu ameshafungua breki kama hizo kwa miaka. Sajenti anapanga vijana wa kusimamisha mabasi na malori ya Zambia huku juu na kule chini ya kona. Na pale kuna luteni mmoja, pengine ana miaka 25 tu, breki hajui kuzifungua, ila yeye ndo anayetakiwa kuamua sasa hivi, msafara uendelee bila hilo lori au wote wasubiri, nani abaki, atoe taarifa gani kikosini, giza likiingia wanalala wapi, na kijana mmoja akigongwa na basi pale kwenye kona ni yeye atakayesimama mbele ya mkuu wake kueleza ilikuwaje. Fundi akimaliza breki kazi yake imekwisha vizuri na usiku analala. Luteni anaweza asilale.

Mwanangu jiulize pale Kitonga ungependa kuwa nani. Usijibu haraka na usijibu kwa kuangalia nyota.

Maana askari anaijua kazi kwa mikono yake, anakuwa bingwa wa kitu kimoja, redio, mizinga, magari, uuguzi, na anapanda ngazi yake: Koplo Usu, Koplo, Sajenti, Sajinitaji, mpaka Afisa Mteule daraja la pili na la kwanza. Usidharau hiyo ngazi hata kidogo. Afisa mteule wa daraja la kwanza ni mtu mzito jeshini, luteni mwenye akili akifika kikosini anamtafuta kwanza yeye amuulize mambo. Afisa yeye anahama hama zaidi kikazi, leo ana platuni ya watu thelathini hivi, akipanda anapewa kombania, baadaye anakaa ofisini anapanga mafunzo, bajeti, nidhamu, na kadiri anavyopanda ndo anavyozidi kuachana na vifaa na kushika watu na makaratasi. Wewe unayependa redio na mitambo hilo lipime sana. Ila umesema ulikuwa kiranja mkuu, na hapo nataka ukumbuke kwa ukweli, ulipokuwa unaamua ugomvi wa bweni saa nne usiku ulikuwa unafurahia au ulikuwa unafurahia kuitwa kiranja?

Ndiyo mshahara wa afisa ni mkubwa kuliko wa askari, nyumba ni tofauti, mesi ni tofauti, na hata umri wa kustaafu unaendana na cheo. Hayo ni kweli na si dhambi kuyafikiria, familia inakutegemea. Lakini hatari haichagui. Tarehe 7 Desemba 2017 kule Semuliki, mashariki ya Kongo, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja. Ukiingia jeshini umeingia, uwe na nyota au usiwe nayo, na wazazi wako hilo inabidi walijue kabla ya kubishana nani atavaa nini.

Umri sasa, hapa ndo watu wanapoumia. Matangazo ya JWTZ ya miaka hii ya karibuni yamekuwa yakiweka mwisho miaka 24 kwa form four na form six, 26 kwa stashahada na 27 kwa shahada. Tangazo likitoka lisome mwenyewe kwa sababu masharti yanaweza kubadilika, usisomewe na mtu. Wewe una 20. Ukienda MUST miaka minne unatoka na 24, bado una nafasi ya kama miaka mitatu ya kuomba na shahada. Ukiamua kuomba sasa kwa form six nako bado uko ndani. Kwa hiyo hakuna anayekukimbiza, na ningekuwa na mbele yangu binti wa miaka 23 mwenye form six ningemwambia kitu kingine kabisa.

Ushauri wangu ni huu: nenda MUST. Omba mkopo, soma umeme wako, soma vizuri. Jeshi linahitaji mainjinia kwenye mawasiliano, kwenye karakana, kwenye ujenzi, na ukija na taaluma unakuja na kitu mkononi hata kama wamekuweka askari. Na wakikukosesha nafasi, maana wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, una kazi ya kufanya maisha yako yote, wakati form six bila kitu ukikosa unarudi Uyole kukaa. Hapo katikati tunza afya yako, kimbia, usichore tatuu, usijiingize kwenye kesi za ajabu ajabu chuoni, na kile cheti cha JKT mpe mama akifungie kabatini.

Ila nina sharti moja nalisema kwa nguvu. Siku ya kuomba, uwe tayari kabisa moyoni kwamba unaweza kumaliza depo ukawa askari, ukaitwa fundi wa redio, ukampigia saluti luteni mliyekaa naye dawati moja. Saluti ile ni ya kamisheni aliyopewa na Rais, haisemi yeye ni mtu zaidi yako. Kama ukifikiria hilo unaona bado utakuwa na furaha, basi wewe ni mtu wa jeshi na ukipelekwa Monduli utakuwa afisa mzuri sana, kwa sababu utajua vijana wako wanaishije. Kama ukifikiria hilo unaona uchungu, basi unachotaka ni nyota, na nyota bila kuipenda kazi itakuchosha mapema mwanangu, kaa na uinjinia wako uraiani ulitumikie taifa kwa njia hiyo.

*Anti habari. Mimi ni kijana wa Ilula, Iringa, nina form four division four, niko JKT kwa kujitolea mwaka wa kwanza. Rafiki zangu wananicheka nikisema nataka kuwa afisa. Nikate tamaa?*

Usikate ila uwe na mpango. Kwanza elewa JKT yenyewe imekuwa ikisema wazi kila inapoita vijana kwamba haitoi ajira, inakupa malezi, uzalendo na stadi za kazi, halafu vyombo vya ulinzi vikitangaza ndo unaomba kama wengine. Kwa hiyo ile miaka miwili usikae unasubiri tu. Kwa division four uafisa uko mbali, sitakudanganya. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie masomo uliyoanguka pale utakaporuhusiwa, hata mawili mawili. Ukipata nafasi ya uaskari ichukue kwa mikono miwili, uwe askari anayejulikana kwa kazi, kozi ikija jitokeze, huku unapandisha elimu.

Na hao wanaokucheka wakumbushe wewe ni mtu wa Iringa. Pale Lugalo, karibu kabisa na kwenu Ilula, tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikipiga kikosi cha Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafia pale pale. Jina hilo hilo ndo lipo kwenye kambi kubwa ya Dar es Salaam, ambayo zamani iliitwa Colito. Na ni pale Colito, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, moja ya madai yao makubwa ni kwamba maafisa bado ni Waingereza na Mwafrika hapandi, mengine yalikuwa mshahara. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mosi mwaka huo huo ikazaliwa JWTZ. Kwa hiyo hili suala la askari kuweza kupanda lina historia nzito nchini kwetu, usione aibu kulitamani.

*Shikamoo Anti, mimi ni mama wa Tukuyu. Kijana wangu amemaliza digrii mwaka jana. Kuna mtu anasema ana ndugu makao makuu, tukitoa milioni mbili kijana anaingia moja kwa moja Monduli bila kupita depo. Tumeshauza ndizi na kahawa, pesa karibu imetimia. Tutoe?*

Mama yangu usitoe hata shilingi mia. Umeona hapo juu nilivyoeleza njia inavyopita, huyo anayesema kijana ataruka depo amejichongea mwenyewe kwa maneno yake. Nafasi za jeshi haziuzwi, tangazo linatolewa kwa vyombo vya habari, maombi yanapelekwa kule kule tangazo linakoelekeza, na jeshi lenyewe limeonya mara nyingi kuhusu matapeli wa ajira. Wengine wanavaa hadi magwanda, wengine wanawapa vijana barua zenye mihuri, kijana anapanda basi mpaka kambini anafika getini anaambiwa jina halipo, na wengine wanaishia kuhojiwa wao.

Usimjibu vibaya huyo mtu. Tunza namba yake na meseji zote, nenda nazo polisi hapo Tukuyu au ofisi ya TAKUKURU, uende na kijana mwenyewe. Mwambie kijana aangalie umri wake leo hii, kama amebakiza mwaka mmoja au miwili kufika 27 basi kila tangazo likitoka asilikose, aandae vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha JKT. Kama JKT hakupita, hilo ndo la kulishughulikia kwanza, aulize ofisi ya mkuu wa wilaya utaratibu wa kujitolea na umri unaokubalika kwa wenye shahada. Na hiyo pesa ya ndizi na kahawa mama, mpe kidogo ya nauli na kutoa kopi, nyingine rudisha shambani.