Jibu: Video Toaster kwenye Amiga 2000, bado inafaa?

Ndugu, umeuliza kama Video Toaster (kadi ya kuchanganya na kuhariri video) uliyonunua pamoja na Amiga 2000, ile kompyuta ya zamani ya Commodore, bado inaweza kufanya kazi leo. Inaweza, ila usiiwashe kwanza! Fungua kasha, tazama ile betri ndogo yenye umbo la pipa kwenye ubao mkuu. Ikiwa imevuja utaona ukungu wa kijani, na huo hula njia za shaba. Ikate, uitoe, upasafishe kwa siki.

Halafu, Toaster hiyo ya 1990 inaelewa NTSC tu, yaani mfumo wa video wa Marekani na Japani. Kamera ya PAL, mfumo wa Ulaya, haitafanya kazi nayo. Deki ya VHS nayo lazima ipitie TBC (kifaa cha kutuliza mawimbi ya video), maana mawimbi yake huyumba. Toaster inatoa picha ya kompoziti (video ya analogia kwa waya mmoja), kwa hiyo tafuta kinasa cha USB cha kuiingiza kwenye kompyuta ya leo. Mipito yake ya picha, aisee, mpaka leo naipenda sana.