Kabla hujanunua mbwa, nitajie nani anabaki naye Desemba

Usimlipe huyo jamaa anayekuuzia mbwa. Kama hela bado iko kwenye simu, iache huko huko kwenye simu.

Umeandika kwamba mmehamia Chanika, ukuta wa nyuma haujaisha, wewe na shemeji mnatoka alfajiri mnarudi saa mbili usiku, watoto wanalilia mbwa, na muuzaji amekuhakikishia kuwa mbwa "hana gharama, anakula mnachobakiza". Halafu unauliza dume au jike, German Shepherd au mbwa wetu hawa wa kawaida, bei ikoje, banda liwe futi ngapi. Mkuu, unachagua pazia na nyumba haina dirisha.

"Hana gharama." Na mimi niliuziwa maneno hayo hayo mwaka 2019, kando ya barabara, na bwana mmoja aliyebana vitoto viwili vya mbwa kwapani kama mikate. Akasema vina miezi mitatu. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo yule wangu, akaangalia meno, akacheka: wiki sita, labda. Akaniuliza kadi ya chanjo iko wapi. Kadi! Yule bwana alikuwa ameniapia "amechanjwa zote" na mimi nikaona aibu kudai karatasi za mbwa. Yaani pikipiki nanunua kwa kadi, mbwa nanunua kwa kiapo. Bahati yangu ugonjwa wa parvo, virusi vya mbwa, haukumpata, maana kitoto cha umri ule kikishikwa ni kutapika na kuhara damu, siku mbili tatu unachimba shimo nyuma ya nyumba huku watoto wamekusimamia wanalia. Ndugu yake aliyebaki kwapani sijui aliishia wapi.

Ila hilo lilikuwa dogo. Lililonitoa jasho lilianzia ofisini kwetu, kwa jamaa ambaye hajawahi kufuga hata kuku lakini kila jambo ana somo lake. "Mbwa wa ulinzi hazoeshwi watu. Mfungie mchana kutwa, asione mtu, usiku ndio umtoe. Utaona moto wake." Nikamfuata kama dozi. Banda nikaliziba mabati pande zote, mwanga ukawa unaingia kwa matundu ya misumari tu, na Komando (ndio jina, msinicheke) akakulia humo. Na kweli alikuwa mkali. Mgeni akigonga geti bati zima linatikisika, na mimi natamba mtaani kwamba kwangu Goba mwizi haingii.

Baadaye sana ndio nikaelezwa kwamba yule hakuwa mkali, alikuwa mwoga. Kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 14 hivi ndipo mbwa anaijua dunia. Asichokizoea kipindi hicho, iwe mtoto anayekimbia, bodaboda, au mama mwenye ndoo kichwani, akikiona ukubwani anaona jini. Mimi nilitengeneza mbwa wa kilo 35 anayeogopa watoto, nikamwekea bati la geji 30 kama kizuizi, nikaita ulinzi. Jamaa wa ofisini siku hizi anafundisha watu kilimo cha matikiti. Mungu awasaidie.

Sasa njoo Desemba 2020. Mimi ni Mchaga wa Kibosho, Moshi, Krismasi lazima nipande nyumbani, sina haja ya kueleza zaidi. Tarehe 20 tumepakia gari la watu, watoto wana viatu vipya, mama watoto anauliza, "Na Komando?" Nikajibu maneno mawili: "Kijana yupo." Hayo maneno mawili ndiyo ghali kuliko yote niliyowahi kutamka, na mahari nimelipa.

Kijana wa kazi mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Naye ana mama yake Singida, naye ana Krismasi. Tarehe 24 alfajiri akaweka beseni la ugali na ndoo ya maji, akafunga geti, akapanda basi. Simlaumu, nilimlaumu zamani. Kwa makadirio yangu ile ndoo haikukaa wima hata siku moja, maana niliikuta imelala chini na alama za meno pembeni. Jua la Dar la Desemba, bati pande zote. Fanya hesabu mwenyewe.

Tarehe 27 asubuhi niko nyumbani kwa mzee, nimeshika mguu wa mbuzi, simu inaita. Mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti hapigi simu kukutakia sikukuu njema. "Mbwa wako amechimba chini ya bati ametoka. Amemng'ata mtoto wa jirani." Mtoto wa miaka minane, alikuwa anatoka dukani na mkate. Nyama ya mguu, nyuma, chini kidogo ya goti.

Nilipata basi la kurudi bila shida yoyote, maana Mchaga gani anashuka Dar tarehe 27? Saa karibu kumi njiani, siti tatu peke yangu, nina kitu kimoja tu kichwani: kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Na kadi ya Komando, ile niliyoikata kwa daktari baada ya kuaibika, ilikuwa na muhuri mmoja tu, wa 2019. Chanjo ya kichaa inarudiwa kila mwaka. Mimi nilikuwa nimejisemea "si ameshachanjwa". Sindano yenyewe haizidi bei ya kilo mbili za nyama.

Kilichomsaidia yule mtoto ni jirani mwingine, nesi mstaafu. Watu walikuwa wameshaanza kupanga wachome manyoya ya mbwa wampake kwenye kidonda, yeye akawafukuza, akamkalisha mtoto chini ya bomba, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya mkononi, mtoto analia na yeye hasikilizi. Ndipo hospitali. Wakaandikiwa sindano siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na kila siku hiyo nilikuwa mlangoni kwao na bajaji. Sindano, bajaji, na vitu vya kwenda kuomba radhi navyo maana huendi mikono mitupu, ilikaribia laki nne. Januari. Na ada za shule ziko mezani.

Mtaa ulitaka mbwa auawe siku ile ile na sikuwa na mdomo wa kupinga. Afisa mifugo ndiye aliyesema hapana, afungiwe aangaliwe siku 10: akizipita akiwa mzima, basi hakuwa na kichaa siku aliyong'ata. Mkuu, nimekaa siku 10 kwenye kigoda namtazama mbwa. Anakula? Anakunywa? Mate yanamtoka? Sauti imebadilika? Kila akilamba maji namwita mama watoto kwenye simu, "Amekunywa!" kama vile mtoto ametamka neno lake la kwanza. Siku ya 10 ikapita. Mtoto yuko salama, sasa hivi ni kijana kabisa, lakini akifika kwenye kona yetu anavuka barabara, anapita upande wa pili, anarudi tena. Hata Komando akiwa amefungwa. Mama yake tunasalimiana.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: mtu wa mbwa kwanza, mbwa baadaye. Namaanisha mtu mwenye jina, ambaye siku haupo atampa maji na chakula, na ambaye UMEMUULIZA yeye mwenyewe akakubali kwa mdomo wake. Dada wa kazi uliyemkabidhi bila kumuuliza hahesabiki. Watoto hawahesabiki kabisa, wangu waliapa watamhudumia na wakamhudumia siku tisa. Na uwe na wa pili, maana wa kwanza naye ana msiba, ana harusi, ana Singida yake. Huna majina mawili, huna mbwa. Kwa ratiba uliyoandika wewe, saa kumi na tano nyumba haina mtu, sijaona hata jina moja.

Ukibisha, fuga mbwa hewa wiki mbili. Siongei utani. Amka saa kumi na moja kasoro, toka na kamba tupu zunguka nyumba nusu saa, rudi ubandike sufuria la ugali wa dona na dagaa ambao hutakula wewe, jioni rudia, mvua inyeshe isinyeshe. Shemeji atacheka siku mbili za kwanza. Ukifika siku ya 14 bila kuruka hata moja, njoo tuongee. Huyo mnyama ataishi miaka 10 mpaka 13. Watoto wanaomlilia leo watakuwa chuo na yeye bado anakusubiri wewe na sufuria.

Mengine ni madogo. Kupe ni vita ya maisha, mwogeshe dawa. Ukuta umalize kwanza. Na majirani wajue mapema. Kwetu kuna mzee wa msikitini, Ijumaa moja Komando alimlamba kanzu geti likiwa wazi, na kwa mwenzetu huyo mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na swala imeshaanza. Alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Komando bado yupo. Bati nililibomoa mwaka ule ule, akakaa mwaka mzima akijifunza upya kwamba mtu mwenye ndoo ni mtu, na mpaka leo simwamini mbele ya watoto. Kwetu familia nzima haijapanda Moshi pamoja tena tangu 2020, tunapokezana, mmoja anabaki na mbwa. Mwaka jana ilikuwa zamu yangu, wakanitumia ndizi mbichi za mtori kwa basi kwenye ndoo. Zikakaa stendi siku tatu, zikanifikia zimeiva.