Mumeo Hajamtoroka Mtoto, Wewe Ndiye Uliyemfukuza Wodini

*Shangazi, mwanangu wa miaka 6 amelazwa mwezi wa tatu sasa kwa saratani ya damu. Mimi nalala kwenye kiti kando yake. Baba yake huja jioni, anakaa kidogo na simu mkononi, kisha anarudi nyumbani kwa binti yetu wa miaka 9. Juzi alitaka kulala wodini yeye, nikakataa kwa sababu hajui kumtuliza mtoto akichomwa sindano. Nahisi ana mwanamke nje. Niachane naye? Mama Mchovu.*

Pole sana, mwanangu. Kuuguza kunachosha kuliko kuugua, na Mungu amponye huyo mtoto.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na huyo mwanamke wa nje sijamwona. Niliyemwona ni baba anayewahi nyumbani kwa mtoto wa pili. Binti yako nani anamwamsha asubuhi? Nani anamkagulia madaftari? Umemtaja mara moja tu, tena katika kumshtaki baba yake. Mtoto mzima ambaye mdogo wake amelazwa naye huumia: kuna wanaoanza kukojoa kitandani, kuna wanaoshindwa masomo, kuna wanaoamini kwamba wao ndio waliosababisha ugonjwa. Hayo yote usiku anapambana nayo mumeo.

Alipoomba zamu, ukamnyima. Atajuaje kumtuliza mwanawe ikiwa kila sindano inapokuja unamsogeza pembeni? Wewe mwenyewe ulijifunzia hapo hapo, mtoto akilia na wewe ukitetemeka. Mzazi asiyeachiwa kazi yoyote wodini atafanya nini zaidi ya kutazama simu?

Ndoa za siku hizi zimeingiwa na tabia ya kuhesabiana: nani kalala kidogo, nani kalia zaidi. Mwanamume asipotoa machozi hadharani anaambiwa hana moyo. Zamani hospitali nyingi ndizo zilizowazuia wazazi, zikidai kuwaona kunawaliza watoto, hata huko Uingereza ikabidi kamati ya serikali mwaka 1959 ipendekeze wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wakati wowote. Leo mlango uko wazi, halafu mke anasimama mlangoni kumzuia mume! Mkono mmoja haulei mwana, seuze mwana mgonjwa.

Tena safari ni ndefu. Aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, ingawa muda mwingi mtoto huwa anatokea nyumbani. Kwenye kiti hicho hutafika.

Nunua daftari, likae kando ya kitanda. Andikeni humo dawa na saa zake, alichosema daktari kwenye raundi, na maswali yenu. Mweleze mumeo kwamba mtoto akipata joto hata usiku wa manane amwite muuguzi papo hapo, asingoje kupambazuke, maana kinga ya mtoto iko chini. Anawe mikono kabla ya kumgusa, na siku akiwa na mafua asije. Ukishamweleza, ondoka, wala usimpigie kila saa kumkagua.

Kuachana, hapana. Hilo la mwanamke, kama bado linakusumbua ukishapata usingizi wa kutosha, muulize mwenyewe bila kumfokea. Kesho zamu ya usiku ni yake. Wewe nenda nyumbani ukalale na binti yako.