Ruta mbili, lango moja

SWALI: Shikamoo fundi. Ofisi yetu ya kununua mahindi Kibaigwa ina ruta ya faiba na nyingine ya laini ya simu. Ya faiba ikizima, inanibidi nibadilishe anwani ya lango (ruta ambayo kompyuta hupitia kwenda intaneti) kwenye kila kompyuta kwa mkono, huku wakulima wamejaa mlangoni wakidai malipo. Nifanyeje zipokezane zenyewe?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba. Mkulima akishapima magunia yake anataka hela yake, na ana haki.

Unachohitaji ni VRRP, utaratibu unaozifanya ruta mbili zipokezane anwani moja ya lango; ni kiwango cha wazi cha tangu 1998. Ruta zote mbili ziunge kwenye swichi moja. Tuseme ya faiba ni 192.168.10.2, ya simu 192.168.10.3, kisha zote zishirikiane anwani ya tatu, 192.168.10.1. Hiyo ya tatu ndiyo DHCP (huduma inayozigawia kompyuta anwani zenyewe) iigawe kama lango, na usiiguse tena. Ya faiba ipe kipaumbele 150, ya simu iache na 100; yenye namba kubwa ndiyo hushika lango. Ruta kuu hutangaza kila sekunde 1 kwamba ipo. Ya akiba ikikaa kama sekunde 3.6 bila kusikia kitu, inaishika anwani. Hakikisha kwanza ruta zako zina VRRP. Ruta za kampuni ya MikroTik wanayo hata kwenye zile ndogo.

Hapa sasa nisikilize vizuri. VRRP huangalia ruta, haiangalii intaneti. Katapila likikata faiba huko barabarani, ruta yako bado inawaka, bado inatangaza, bado imeshika lango, na ofisi nzima haina mtandao! Lazima ruta ya faiba ipingi (itume ujumbe mfupi na kusubiri jibu) anwani ya nje kupitia faiba peke yake, na ikikosa majibu ijishushe kipaumbele hadi 50. Kwenye MikroTik, Netwatch, zana yake ya kupima kama anwani inajibu, na skripti fupi vinatosha. Mimi nikifunga mtambo huu kwa mteja hapa Dodoma, jaribio langu la kwanza ni kuchomoa waya wa faiba, ruta ikiwa inawaka. Kuzima ruta huja baadaye.

Umeme je? Kila ruta iwe na UPS (betri ya akiba) yake, na swichi usiisahau.

Mwambie na mhasibu: lango likihama, anwani yenu ya nje inabadilika, na malipo yaliyokuwa njiani yanaweza kukatika. Aangalie kwanza kama muamala umepita, ndipo arudie, asije akamlipa mtu mara mbili.