Usiizime mapema The Expanding Universe

Mara ya kwanza nilipoisikiliza albamu ya muziki wa kielektroniki ya mtunzi Laurie Spiegel, The Expanding Universe, niliizima kabla ya dakika ya tano. Jina lake, yaani ulimwengu unaotanuka, lilinifanya nitegemee vishindo vya roketi na nyota zinazolipuka. Nikakuta sauti imetulia tuli, haina mwimbaji wala ngoma. Nikadhani faili lina hitilafu.

Kumbe nilianzia mwisho. Kipande kilichobeba jina la albamu ndicho kinachoifunga, kina dakika 28 hivi, na ndicho kigumu kuliko vyote. Wewe anza na Patchwork, cha kwanza. Kimechangamka, sauti zinapokezana kama nyuzi zinazodonolewa, na si ajabu, maana Spiegel ni mpiga gitaa na banjo. Kirudie hata mara tatu, sikio lizoee.

Kilichonifungua zaidi ni kujua ilivyotengenezwa. Spiegel aliitunga miaka ya 1970 kwenye maabara za utafiti za Bell, Marekani, kwa mfumo wa kompyuta uitwao GROOVE, uliobuniwa na Max Mathews na Richard Moore. Kompyuta haikutoa sauti yenyewe. Iliongoza mitambo ya analogi, yaani ile inayozalisha sauti kwa umeme moja kwa moja, na mtunzi aligeuza vitufe huku akisikia matokeo papo hapo, jambo la nadra mno kwa kompyuta za enzi hizo. Tangu nilijue hilo, nausikia mkono wa mtu ndani ya kila badiliko.

Sasa kile kipande kirefu. Vaa hedifoni, kwa sababu spika ya simu inameza besi yote, na sauti iwe ya chini. Usingoje tukio. Mimi huchagua sauti moja nikaifuata mpaka ipotee. Nikizinduka, muziki wote umeshageuka na siwezi kusema uligeuka saa ngapi. Galaksi nazo, kama mwanaastronomia Edwin Hubble alivyoonyesha mwaka 1929, zinazidi kuachana, ila hakuna jicho linaloziona zikisogea. Hapo ndipo jina liliponiingia.

Toleo la kwanza, la 1980, lina vipande vinne tu. Lile la 2012 limeongezewa mpaka kupita saa mbili na nusu. Usilimeze kwa mkupuo, maliza kwanza vile vinne. Ukitamani zaidi, tafuta sauti alizozitengeneza kutokana na hesabu za mwanaastronomia Kepler kuhusu mwendo wa sayari. Zimo kwenye santuri iliyopakwa dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977.