Kinyago cha sebuleni: kabla hujatoa hela

Dada, umesema muuza vinyago pale Mwenge amekuambia hicho cha Kimakonde kina miaka mia, na unataka ukitundike sebuleni kwenye ukuta mweupe. Mimi ningepunguza presha kwanza. Kile cha kuchezea kweli, lipiko, kinavaliwa kichwani kama helmeti na mchezaji anaruka nacho kwenye sherehe za jando, kwa hiyo kinachongwa kwa mti mwepesi, na vingi vina nywele za binadamu. Sasa kama chako ni cha mpingo, kizito kama tofali, hicho hakijawahi kuchezwa ngoma, ni cha kuuza tu, na si vibaya ila kilipe bei yake. Chungulia ndani: kilichovaliwa kinakuwa laini na cheusi kwa jasho pale kinapogusa kichwa. Weusi unaonuka kiwi ya viatu ni usanii bwana.

Na wakisisitiza ni cha zamani kweli, uliza kimetoka wapi. Kuna kile kilichoibiwa makumbusho ya Dar 1984, kikaonekana Geneva, kikarudi 2010. Hutaki kesi hiyo.

Ukishanunua angalia vitundu na unga unga, ni bungua hao, kifunge kwenye nailoni ukitupe friza wiki mbili, la sivyo wanahamia kwenye fanicha. Usikiweke juani. Na kimoja peke yake ukutani kinapendeza kuliko kumi, sebule isije ikafanana na duka la watalii 😅