Kabla ya kununua hita ya sola Tanga, onja maji yako

Binti yangu alipokuja kujifungulia nyumbani, mama yangu ndiye aliyemkanda. Mzazi kwa siku arobaini anataka maji moto asubuhi na jioni, na mtoto naye ana beseni lake. Tulichemsha kwa mkaa wiki mbili, macho mekundu kwa moshi, ya tatu nikaenda kununua hita ya maji ya sola.

Dukani niliuliza bei na lita. Jua sisi wa Sahare hatulitafuti, nikaona mengine ni ya fundi. Fundi hakuniuliza natumia maji gani, nami sikumwambia kwamba ni ya kisima.

Ilikuwa ile ya mirija ya kioo ambayo maji yenyewe yanashuka ndani ya mirija. Kila mrija una kuta mbili, katikati hamna hewa, kama chupa ya chai, hivyo joto likiingia halitoki. Ilipasha vizuri mno. Mwaka wa tatu tangi likaanza kuvuja. Mrija wa kwanza kuchomolewa ulikuwa na ukoko mweupe chini, mgumu, unavunjika vipande kama ganda la yai. Ndani ya tangi, kando ya mshono wa kuchomelea, palikuwa na vitundu vya kuingia ncha ya sindano, kila kimoja na kiduara cha kutu. Chuma cha pua kile! Nilikuja kujifunza kwamba maji ya chumvi hukila hata chuma cha pua, hasa kwenye mishono, na yakiwa moto hukila upesi zaidi.

Kwetu chokaa na chumvi vinakutana. Mwamba uliotoboka ukawa mapango ya Amboni ni wa chokaa, na visima vya karibu na bahari vina chumvi juu yake. Kwa hiyo anza na birika lako. Likijaa magamba meupe, sabuni ikikataa kutoa povu, chai ikiwa na munyu, usinunue ya mirija inayojazwa maji moja kwa moja. Tafuta ya paneli bapa yenye mzunguko wa ndani: kimiminika kinachopashwa juani kinazunguka peke yake na kulipa joto tangi, bila kuchanganyika na maji ya kuoga. Tangi liwe limepakwa enameli ndani, lenye fimbo ya magnesiamu. Fimbo hiyo inaliwa na maji badala ya tangi, kwa hiyo ifunguliwe kila mwaka, na ikibaki waya mtupu ibadilishwe. Muulize muuzaji fimbo iko wapi. Asipojua, nenda duka jingine.

Mimi niliongeza jambo moja lililonisaidia kuliko yote: nilitenganisha bomba. Maji ya kisima yanaenda chooni na kwenye kufulia. Hita inapata maji ya mvua na ya bomba la mji kutoka tangi lake.

Ukubwa usikusumbue sana. Kwa joto letu, lita 150 zinatosha watu wanne. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 27 hadi 45 kwa umeme ni uniti 2 hivi za LUKU, piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Ila kumbuka kila lita ni kilo moja, na tangi la lita 150 likijaa haliwekwi juu ya kenchi zilizoliwa na mchwa.

Paneli ielekee kaskazini, iinuke kama nyuzi 15, na tangi likae juu yake. Maji moto hupanda yenyewe bila pampu. Ukiilaza kabisa mzunguko unalegea. Misumari na vishikizo viwe vya kuhimili upepo wa bahari, maana kusi inakuja na chumvi yake.

Wenye mirija tayari, msiijaze maji baridi saa sita mchana ikiwa imekauka juani, kioo kitapasuka. Jazeni alfajiri, au ifunikeni kwa mkeka kwanza.

Na kama nyumbani kuna mzazi au mtoto, wekeni valvu ya kuchanganya maji moto na baridi. Siku ya jua kali tangi linaweza kupita nyuzi 70, na hayo yanababua ngozi mara moja. Mama yangu alikuwa akitia kiwiko kwanza kwenye kila beseni, hata baada ya valvu kuwekwa, na sikumzuia.